Namna ya kuiona mitandao miwili ya ubongo ikipokezana

Mwongozo huu unamfaa anayejua kufungua faili za picha tendaji za MRI (zinazofuatilia mabadiliko ya damu ubongoni kadiri muda unavyopita), na anayetaka kushuhudia jinsi ubongo unavyotoka kwenye kumbukumbu na mipango yake ukarudi kwenye mambo ya nje.

Hatua ya 1. Tafuta rekodi ya mtu aliyetulia ndani ya mashine bila kupewa kazi. Rekebisha mtikisiko wa kichwa kabla ya jambo lolote, kisha bakiza mabadiliko ya polepole tu, kati ya mizunguko 0.01 na 0.1 kwa sekunde.

Hatua ya 2. Weka "mbegu", yaani tufe dogo, kwenye singuleti ya nyuma (eneo la katikati, upande wa nyuma wa ubongo), ukokotoe uhusiano wa ishara yake na ubongo wote. Sehemu zitakazopanda na kushuka nayo, likiwemo gamba la paji la katikati, ndizo mtandao ambao Marcus Raichle na wenzake waliuita hali ya msingi (default mode) mwaka 2001, ule wa kumbukumbu na mipango. Zitakazokwenda kinyume, hasa mfereji wa parietali (sehemu ya juu, kuelekea nyuma ya ubongo) na maeneo yanayoongoza macho, hushughulikia uangalifu wa nje.

Hatua ya 3. Rudia hesabu mara mbili: ukiwa umeondoa wastani wa ishara ya ubongo mzima, na ukiwa umeuacha. Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nilijikwaa, kwa sababu kuondoa wastani huo kunalazimisha kihesabu baadhi ya uhusiano uwe hasi, hata pale ambapo mitandao haishindani kabisa. Upinzani unaotoweka wastani ukiachwa usiuandike kama ugunduzi.

Hatua ya 4. Hamishia mbegu kwenye insula ya mbele ya kulia, gamba lililojificha ndani ya mkunjo wa upande wa ubongo. Mwaka 2008 Sridharan, Levitin na Menon walipendekeza kuwa eneo hili ndilo swichi ya kubadilishana zamu kati ya mitandao hiyo miwili. Hata hivyo, mwitikio wa damu huchukua sekunde kadhaa kufika kileleni na hutofautiana baina ya maeneo, kwa hiyo kutangulia kwa ishara pekee hakuthibitishi nani anaongoza.

Hatua ya 5. Ukipata rekodi ya mtu anayepanga maisha yake mwenyewe, angalia mtandao wa tatu, ule wa udhibiti wa mbele na parietali, unaosaidia kuongoza fikra kuelekea lengo: katika kazi ya namna hiyo huungana na ule wa hali ya msingi, ingawa katika kazi za macho huegemea mtandao wa uangalifu wa nje.