Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Kuogelea ya Kabla ya Vita Kuu ya Pili

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinifuata ukingoni mwa bwawa, simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hebu ona, bingwa wa Ulaya wa 1927 kaogelea mita 1500 kwa dakika 19. Siku hizi si wanakwenda 14 na kitu? Kumbe wa zamani walikuwa wazito."

Nilimwitikia, nikamwambia akae kwenye benchi, tukafungua daftari la hesabu. Tulikaa hapo mpaka adhuhuri. Nayaandika tuliyoyafanya kwa sababu wanafunzi wengi husoma majedwali haya kama wanavyosoma bei dukani, na wale waogeleaji hawastahili kusomwa hivyo.

Kwanza ujue umeshika jedwali gani. Kati ya vita viwili vya dunia, mashindano ya ubingwa wa Ulaya ya kuogelea na kupiga mbizi yalifanyika mara tano tu: Budapest 1926, Bologna 1927, Paris 1931, Magdeburg 1934 na London 1938. Budapest walishindana wanaume peke yao. Wanawake waliingia Bologna. Kwa hiyo ukikosa majina ya wanawake kwenye jedwali la 1926, usidhani ukurasa umepotea.

Sasa tazama muda wenyewe. Ule wa Bologna ni 19:07.2, wa Arne Borg wa Sweden. Usianze na 19. Anza na ile 2 ya mwishoni, kisha uiweke pamoja na nyakati nyingine za miaka hiyo katika mita 1500. Olimpiki ya Paris 1924, Andrew Charlton wa Australia alishinda kwa 20:06.6, Borg akamfuata kwa 20:41.4. Olimpiki ya Amsterdam 1928, Borg alishinda kwa 19:51.8. Tarakimu za mwisho ni 2, 6, 4, 8. Zote shufwa. Saa za kupimia mbio zilizotumika, zile za kubonyeza kwa kidole, ziliigawa sekunde mara tano, mshale ukasimama kwenye 0, 2, 4, 6 au 8, basi. Ukianza kukutana na witiri, kama 57.9 ya Masanori Yusa wa Japani katika mita 100 pale Berlin 1936, ujue sekunde sasa inagawanywa mara kumi.

Na hiyo sehemu moja ya tano ni kubwa kiasi gani majini? Mtu anayemaliza mita 100 kwa dakika moja kamili husogea sentimita 33 katika muda huo: rula ya shule na upana wa vidole viwili juu yake. Mimi nimeshika saa kwenye mashindano ya shule miaka mingi, na najua kidole gumba kinavyochelewa. Maji yanaruka, mkono wa mtoto unafika ukutani chini ya povu, na wewe unabonyeza kwa kile unachodhani umekiona. Ndiyo maana tunakaa watu watatu kwa kila njia. Saa mbili zikikubaliana, muda ni huo. Zote tatu zikitofautiana, tunachukua wa katikati. Basi ukiona wawili wamepewa muda mmoja na bado mmoja kawekwa wa kwanza, usiseme mwandishi kakosea. Waamuzi wa ukingoni waliamua kwa macho yao.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo haihitaji kitu zaidi ya penseli. Geuza muda wote uwe sekunde. Dakika 19 ni sekunde 1140, ongeza 7.2, unapata 1147.2. Gawanya kwa 15, kila mita 100 inatoka sekunde 76.48. Gawanya kwa 30, kila mita 50 ni sekunde 38.24. Mwanafunzi wangu alipoiandika hiyo 38.24 alinyamaza, maana yeye mwenyewe mita 50 humaliza kwa 36, na akitoka anashika ukuta anahema. Borg aliunga vipande 30 vya namna hiyo bila miwani ya majini, na kwa kanuni ya wakati huo kila anapogeuka mkono lazima uguse ukuta. Ile ya kupinduka na kusukuma kwa miguu peke yake haikuruhusiwa bado. Muda ule ulibaki rekodi ya dunia miaka kumi na moja, mpaka Tomikatsu Amano wa Japani aliposhuka chini ya dakika 19 mwaka 1938.

Halafu mlinganishe mtu na yeye mwenyewe kabla hujamlinganisha na wa leo. Borg wa Bologna ni 19:07.2. Borg wa Amsterdam, mwaka mmoja baadaye, akiwa bingwa wa Olimpiki, ni 19:51.8. Sekunde 44.6 zaidi! Mtu yuleyule, medali kubwa zaidi. Fainali huogelewa ili kushinda, na muda unaoandikwa ni ule uliotosha siku hiyo. Mwanafunzi akilishika hili moja, mengine yote nitamsamehe.

Majina nayo yana mitego. Ukiandika "Borg" peke yake umejichanganya: Arne alikuwa na pacha wake, Åke, naye muogeleaji, na London 1938 aliyeshinda mita 400 na 1500 anaitwa Björn Borg, mtu mwingine kabisa na yule wa tenisi aliyekuja baadaye. Wajerumani walikuwa na ndugu wawili, Erich na Joachim Rademacher. Wahungari hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Bárány István na István Bárány ni mtu mmoja. Wanawake wengine walibadili majina walipoolewa: Olga Jordan na Olga Jensch-Jordan ni mpiga mbizi mmoja. Na kwenye jedwali la London, Agosti 1938, usiitafute Austria. Ujerumani ilikuwa imeimeza tangu Machi.

Mtindo wa chura wa miaka ya 1930 usome kwa tahadhari. Kipepeo haukuwa mtindo wa peke yake bado, na baadhi ya waogeleaji walikuwa wakirusha mikono juu ya maji huku miguu ikipiga chura, ndani ya mbio zilezile. Safu moja ya matokeo inaweza kuwa imebeba mitindo miwili.

Kupiga mbizi ni kwa ufupi: linganisha watu ndani ya jedwali moja tu. Alama za waamuzi huzidishwa kwa ugumu wa kila mruko, na idadi ya miruko na viwango vya ugumu vimekuwa vikibadilika. Jumla ya Olga Jordan kwenye ubao wa kurukia mwaka 1934 na ya Betty Slade wa Uingereza mwaka 1938 haziwezi kukuambia nani alikuwa bora. Tazama mshindi kamwacha wa pili kwa kiasi gani, uishie hapo.

Mwisho, toka kwenye karatasi. Mita 50 kwa sekunde 38.24 ni mwendo wa mtu anayewahi daladala. Bwawa letu ni la mita 25, kwa hiyo niliweka simu ilie kila baada ya sekunde 19, nikatembea ukingoni, kwenda na kurudi, mara 60. Nilipofika mara ya arobaini shati lilikuwa limelowa, na mimi nipo nchi kavu.

Jumamosi iliyofuata tukawapanga watoto 30, kila mmoja mita 50 zake, akigusa ukuta mwenzake anaruka. Yule wa kidato cha pili nilimkabidhi saa. Wa thelathini alipogusa, aliitazama, akainua kichwa: 21:52.

"Mwalimu," akasema, "na sisi tulikuwa thelathini."