Ukihamisha tangi la samaki, sponji ya chujio isikauke

Mfugaji wa samaki wa mapambo anapohama, wasiwasi wake mkubwa huwa maji. Anatafuta madumu, anakinga kila tone la maji ya zamani, na akishayafunga anaona kazi kubwa imekwisha. Sponji ya chujio, kwa upande wake, imesukumwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa na kuachwa juani nyuma ya gari. Siku chache baadaye samaki wanapumulia juu ya maji, na mwenyewe haelewi kulikoni, maana maji ni yaleyale.

Chanzo ni ile sponji. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huihimili isipozidi. Wachache sana kati ya bakteria hao huelea majini. Wengi wamejishika kwenye sponji, changarawe, mawe na kuta za kioo, kwa hiyo hata ukibeba maji yote unaweza kufika na tangi ambalo haliwezi tena kujisafisha.

Ndiyo maana mimi nashauri chujio lifikiriwe kabla ya kitu kingine chochote. Weka sponji na vijiwe vyake kwenye ndoo, vifunike kwa maji ya tangi hilohilo, uache nafasi kubwa ya hewa juu. Safari ikiwa ya saa nyingi, weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Usizioshe siku ya kuhama, na kamwe usizipitishe kwenye maji ya bomba yenye klorini. Ule utando wa kahawia unaoteleza ukiubonyeza unaonekana uchafu, lakini ndimo bakteria wako walimo. Chujio la nje, lile la mkebe, lisisafirishwe likiwa limejaa maji na kufungwa. Oksijeni ya ndani huisha, bakteria hufa, na ukifungua unakutana na harufu ya mayai viza. Likifikia hapo mwaga maji yake yote na kusuuza kila kitu kabla ya kuliwasha, la sivyo pampu itamimina sumu hiyo moja kwa moja kwa samaki.

Maji ya zamani yana kazi yake: yanawapa samaki pH (kipimo cha uasidi, kinachoshuka asidi ikizidi) na ugumu, yaani wingi wa madini, waliouzoea. Nusu inatosha, ikizidi ni bora. Yateke kutoka juu kabla hujagusa changarawe, kwa sababu ikivurugwa taka zote zilizolala chini hupanda. Maji ya mwisho yenye tope yamwage bila huruma. Na ndoo iliyowahi kufuliwa nguo isitumike hata ikisuuzwa mara ngapi.

Tangi lisinyanyuliwe na maji. Lita 1 ni kilo 1, hivyo tangi la lita 100 linapita kilo 100 kabla hujahesabu kioo na mawe. Likijipinda kidogo tu, gundi ya silikoni kwenye kona inaachia. Hita nayo ichomolewe kwenye umeme na kuachwa ipoe majini kwa dakika 20 hivi, kwani ikitolewa ya moto kioo chake hupasuka.

Samaki wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji sana. Ukitumia mifuko, theluthi moja iwe maji na inayobaki hewa, kisha uwaweke gizani watulie. Kwenye mfuko uliofungwa muda mrefu, hewa chafu wanayoitoa samaki hushusha pH, na pH ikiwa chini amonia haiwadhuru sana. Ukifungua, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kali palepale. Kwa hiyo sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, ukielea tangini kwa dakika 15 hadi 20. Ukishafungua usikawie: watoe kwa wavu, na maji ya mfuko yasiingie tangini.

Maji mapya ya kujazia yaandaliwe mapema. Klorini hutoka yakikaa wazi kwa saa 24, hasa yakitiwa hewa kwa pampu. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kirahisi namna hiyo. Inahitaji dawa ya kutibu maji ya samaki, na iwe ile inayodhibiti amonia pia, kwa sababu kloramini ikivunjwa huacha amonia. Uliza wanaosambaza maji unakohamia wanatumia ipi, upime na pH kabla ya siku yenyewe.

Ukishajaza na joto kuwa sawa, washa chujio kwanza, samaki waingie mwisho. Wiki ya kwanza lisha kidogo sana na upime amonia na nitriti kila siku. Vyote viwe sifuri. Kimojawapo kikionekana, badilisha robo hadi theluthi ya maji siku hiyohiyo, usingoje dalili. Nitriti huizuia damu kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki atatweta hata pampu ya hewa ikichemka kwa mapovu. Samaki wapya wasubiri mpaka vipimo vikae sifuri wiki kadhaa mfululizo.