Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Rolubaa ya Gari la Michezo Ulilojiundia Nyumbani

Uingereza imekuwa kwa miaka mingi nchi ya magari yanayoundwa nyumbani, na mengi kati ya hayo hufuata umbo la Lotus Seven, kigari cha wazi ambacho Colin Chapman alikitoa mwaka 1957 na ambacho tangu 1973 kinatengenezwa na kampuni ya Caterham. Nduguze wa bei nafuu, yale yanayoitwa Locost, huundwa kwa mabomba ya mraba ya milimita 25 yaliyochomelewa hadi yakawa chesisi, injini ikatolewa kwenye gari kuukuu, na ubavuni yakavishwa bati la alumini. Gari la namna hiyo halina paa. Likipinduka, kitu kilicho juu kuliko vyote ni kichwa cha dereva, isipokuwa pawe na rolubaa, yaani upinde wa bomba la chuma unaosimama nyuma ya viti ili ardhi iupokee huo kabla haijakipokea kichwa.

Mtu anayeunda gari lake mara nyingi huichagua rolubaa mwishoni, rangi ikiwa imeshakauka, na huichagua kwa macho: huu mpindo mzuri, ule unang'aa. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Rolubaa ina ncha mbili zinazoamua kila kitu, ya juu inayotakiwa kupita kichwa na ya chini inayotakiwa kushika chesisi, na bomba lililo katikati, hata liwe la gharama kiasi gani, haliwezi kufidia upungufu wa ncha hizo. Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi yoyote, keti kwanza ndani ya gari.

Uketi kama utakavyokuwa siku ya kuliendesha, si vinginevyo. Kiti kiwe ndicho kitakachobaki, kimesukumwa mahali pake, mto umewekwa, mkanda umekazwa, na helmeti iko kichwani kama unakusudia kulipeleka gari kwenye uwanja wa mbio. Kisha mwombe mtu achukue fimbo ndefu iliyonyooka, hata mpini wa ufagio unafaa, aulaze kutoka mahali ambapo kilele cha upinde kitakuwa hadi sehemu imara ya mbele ya gari, na wewe usijikunyate. Sehemu yote ya helmeti inatakiwa kubaki chini ya fimbo hiyo, na kanuni nyingi za mashindano zinadai nafasi ya milimita 50 au zaidi. Ikiwa dereva wa pili ni mrefu kuliko wewe, yeye ndiye wa kupimwa. Wapo wanaopima wakiwa na kofia ya kawaida wakitegemea kwamba helmeti haiongezi kitu, ilhali ganda lake pamoja na sponji ya ndani huinua utosi kwa sentimita kadhaa, na sentimita hizo ndizo zote ulizokuwa nazo.

Neno "sehemu imara ya mbele" linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu wengi huishusha fimbo kwenye boneti. Boneti ya gari la namna hii ni bati jembamba linaloweza kubonyezwa kwa kidole gumba. Gari lililolala chali hulalia nukta mbili, kilele cha rolubaa na kile kinachogusa ardhi mbele yake, na ikiwa cha mbele kitabonyea, mstari mzima unashuka na helmeti iliyokuwa chini yake sasa iko juu yake. Nukta ya mbele iwe fremu inayobeba dashibodi na usukani, nayo iwe imeimarishwa, au uweke upinde wa pili mdogo hapo. Wamiliki hawaupendi upinde wa mbele kwa sababu unaharibu sura ya gari, na siwalaumu, lakini waamue wakijua wanachokiacha.

Suala la matumizi limalizwe mapema. Gari la barabarani pekee, gari la siku za wazi za uwanjani, yaani za kuendesha kwenye uwanja wa mbio bila kushindana, na gari la mashindano hayana mahitaji sawa, na kama lako litashindana, kitabu cha kanuni cha chombo kinachosimamia mashindano hayo, kwa Uingereza Motorsport UK, ndicho kitakachokuambia kipimo cha bomba, na si muuzaji. Kisome kile cha mwaka huu.

Sasa bomba lenyewe. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, katika Kiambatisho J, zinataka chuma cha kaboni kisicho na aloi, kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu ya kuhimili kuvutwa isiyopungua 350 N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba). Upinde mkuu uwe wa kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa ukuta wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2.0, na mihimili mingine iwe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Hata kama hutashindana, vipimo hivi ni mahali pazuri pa kuanzia, na hesabu yake inafundisha. Mita moja ya bomba la 38 kwa 2.5 ina uzito wa kilo 2.2 hivi, na ya 45 kwa 2.5 ni kilo 2.6. Kwa nyongeza hiyo ya gramu mia nne na kitu, ukakamavu wa bomba dhidi ya kupinda unapanda kwa takriban asilimia 70, kwa sababu kipenyo huhesabika mara nyingi zaidi kuliko unene. Bomba la 50 kwa 2.0 ni jepesi kuliko la 45, kama kilo 2.4 kwa mita, na ni kakamavu zaidi, ila ukuta wake mwembamba hubonyea upesi linapogongwa na jiwe na humtaka mchomeleaji aliye makini. Anayekuuzia upinde wa milimita 38 kwa kisingizio cha kupunguza uzito anakupunguzia kitu kingine.

Mambo mawili yaepukwe bila mjadala. La kwanza ni bomba la maji au la geti, ambalo lina mshono, halina hati ya kiwanda, na mara nyingi limepakwa zinki, ambayo ikichomwa hutoa moshi wa kumtia fundi homa na hudhoofisha kiungo. La pili ni pinde za mapambo, za alumini au za chuma kisichoshika kutu chenye ukuta kama wa kopo, zinazouzwa kama vifaa vya kurembesha gari. Hizo zina kasoro kubwa kuliko kutokuwa na chochote, maana dereva huketi mbele yake akijihisi salama. Ukiletewa upinde uliotumika, omba kutoboa kitundu cha milimita tano mahali pasipobeba mzigo, uingize kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na upime ukuta. Marekani mashirika ya mbio yanadai kitundu hicho rasmi, na muuzaji anayekataa kitobolewe amekwisha kukupa jibu.

Mipindo nayo itazamwe. FIA inataka bomba lipindwe likiwa baridi, nusu kipenyo cha mpindo kwenye mstari wa katikati kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, yaani milimita 135 kwa bomba la 45. Bomba likipinda hutanuka upande mmoja na kubanwa upande mwingine, na pale lilipobapa, kipimo chembamba kikigawanywa kwa kipana kisipungue 0.9. Chukua kalipa, pima mahali palipobapa zaidi: ukipata 46 kwa upana na 41 kwa wembamba, huo ni 0.89, na upinde huo urudi ulikotoka. Mikunjo midogo kama ya mkono wa shati kwenye upande wa ndani ni dalili kwamba mashine haikuwa na kishikio cha ndani. Tunaijua ile mbinu ya mafundi wetu wa kujaza bomba mchanga na kulipiga moto wa gesi hadi liwe jekundu. Kwa kitanda au ngazi ni ustadi wa kupongezwa, lakini kwa rolubaa moto huo hubadilisha chuma kilichovutwa baridi kiasi kwamba namba zilizo kwenye hati hazina maana tena.

Upinde peke yake, hata wa bomba zuri, ni herufi U iliyogeuzwa. Ukisukumwa kutoka mbele utalala, na ukisukumwa ubavuni utageuka mshazari kama fremu ya dirisha iliyolegea misumari. Kwa hiyo uwe na mihimili miwili ya nyuma, inayoanzia karibu na mipindo ya juu na kushuka nyuma kwa pembe isiyopungua nyuzi 30 kutoka wima, ikiwa imenyooka na si yenye kiwiko. Uwe pia na mhimili mmoja wa mshazari ndani ya upinde. Mihimili ya nyuma iliyosimama karibu wima, ambayo utaiona mara nyingi kwa sababu inaacha nafasi ya mizigo, inasaidia kidogo sana. Kwenye umbo la Seven sehemu ya nyuma ni fupi, na kutafuta nyuzi 30 kunaweza kukulazimu kuhamisha tangi la mafuta. Ni kazi ya wiki nzima, ndiyo maana swali hili liulizwe kabla ya kuchomelea chesisi.

Nimeziacha nyayo, yaani pale miguu ya upinde inaposhika chesisi, hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo magari ya kujiundia hutofautiana kabisa na magari ya kiwandani. Kanuni ya FIA imeandikwa kwa gari lenye sakafu ya bati: kila mguu wa upinde mkuu uwe na bolti tatu au zaidi za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, za daraja la nguvu la 8.8, na bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120. Chesisi ya Locost haina sakafu ya namna hiyo, bali ina mabomba ya mraba yenye ukuta wa milimita 1.6. Ukiketisha mguu katikati ya bomba moja kati ya viungo viwili, siku ya ajali bomba hilo litakunjika kuelekea upande wa chini wa gari na upinde mzima utazama nalo, ukiwa mzima kabisa, bila hata mkwaruzo. Mguu ukae juu ya kiungo, pale mabomba matatu au manne yanapokutana, ili mzigo upate njia ya kusambaa. Kama upinde unaouzwa una upana usioangukia viungo vya chesisi yako, usiununue ukitegemea kubuni daraja baadaye.

Na bolti hizo zisipitishwe tu ndani ya bomba tupu la mraba. Jaribu kwenye kipande cha mabaki: toboa, pitisha bolti ya M8, kaza kwa spana, na utaona kuta mbili zinaingia ndani taratibu huku nati ikiendelea kuzunguka bila kufikia kukaza. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa zaidi, kupenyeza kipande cha bomba dogo kutoka ukuta hadi ukuta, kukichomelea pande zote mbili, ndipo bolti ipite ndani yake. Mihimili ya nyuma ina masharti mepesi kidogo, bolti mbili za M8 na bamba la sentimita za mraba 60, lakini kuhusu viungo na vipande vya ndani hali ni ileile.

Kuchomelea chesisi mwenyewe ni jambo la fahari, na wengi hulifanya vizuri. Rolubaa ni bora uichomeleshe kwa fundi mwenye cheti, au ununue iliyokamilika yenye hati, kwa sababu mchomo unaopendeza juu huenda haukuzama ndani na hakuna jicho linaloweza kuuona. Rangi ije baada ya ukaguzi.

Kuna hatari nyingine ambayo rolubaa yenyewe huileta. Dereva wa barabarani havai helmeti, na bomba hilo liko nyuma ya kisogo chake. Gari likigongwa kutoka nyuma, kichwa kinarudi na kukutana na chuma. Kiti kiwe na egemeo la kichwa lililo mbele ya bomba, na popote kichwa kinapoweza kufika pavishwe sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye alama ya kiwango cha FIA 8857-2001. Ile sponji laini nyeusi ya kuvishia mabomba ya maji moto hubonyezwa hadi mwisho kwa vidole viwili, na kichwa ni kizito kuliko vidole. Mikanda ya mabega, kama ni ya mbio, ifungwe kwenye mhimili wa mlalo uliowekwa kwa ajili yake, ikielekea nyuma na kushuka kidogo tu kutoka bega. FIA inaruhusu hadi nyuzi 45 lakini inapendekeza zisizidi 10. Mkanda unaoshuka kwa kasi hadi sakafuni hukandamiza uti wa mgongo katika ajali.

Mwisho, kabla gari halijapata namba za usajili Uingereza, litapita ukaguzi wa IVA, yaani ukaguzi wa serikali wa gari moja moja, uliochukua nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Mkaguzi huja na vipimo vya kingo, na sehemu za nje zinazoweza kumgusa mtu zinatakiwa kuwa na mviringo usiopungua milimita 2.5, jambo linalowakwamisha watu kwenye ncha za bolti na pembe za mabamba ya nyayo. Piga msasa pembe hizo chuma kikiwa bado kitupu, weka vifuniko kwenye ncha, na mahali mguu unapopenya kwenye bodi acha nafasi ya kutosha spana kuingia, kwani bolti hizo zitahitaji kukazwa tena baada ya gari kutembea kilomita mia chache za kwanza.