Dume la nguruwe: lini umpe muda, lini umwondoe

Kwenye mashamba mengi dume huondolewa kwa sababu ya umri tu. Mimi naangalia kazi yake kwanza, na nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Daftari. Kila dume awe na ukurasa wake: tarehe aliyopanda, jike aliyempanda, kama jike alirudia joto (alitaka dume tena, dalili kwamba hakushika mimba) siku ya 18 hadi 24 baada ya kupandwa, na watoto waliozaliwa. Andika pia siku alizougua. Hilo wengi hulisahau.

Hatua ya 2: Miguu. Mtoe atembee mahali pakavu umtazame kwa nyuma. Akipanda, uzito wake huegemea miguu ya nyuma, kwa hiyo anayechechemea hukataa kazi hata kama mbegu zake ni nzuri. Kidonda cha ukwato hutibika; mpumzishe, urekebishe na sakafu. Kiungo kilichovimba kisichopona ni sababu tosha ya kumwondoa.

Hatua ya 3: Majike wakianza kurudia, usimuuze upesi. Hapa ndipo madume wazuri hupotea. Mbegu huchukua kama wiki 6 hadi 7 kutengenezwa na kukomaa, hivyo homa au joto kali la leo madhara yake utayaona wiki kadhaa baadaye, dume akiwa amekwisha kupona kabisa. Niliwahi kumuuza dume baada ya majike watatu kurudia mfululizo. Nilipofungua daftari nikakuta alikuwa na homa mwezi mmoja kabla. Iliniuma sana.

Siku hizi nalinganisha kwanza. Majike wa madume wote wakirudia, tatizo liko kwingine: pengine wanapandishwa mapema mno au wamechelewa. Ikiwa ni wake peke yake, nampa wiki 8 penye kivuli na maji ya kutosha, kisha namjaribu kwa majike waliokwisha kuzaa vizuri. Akishindwa tena, anaondoka.

Hatua ya 4: Mzigo wa kazi. Asiyefikisha mwaka apande mara 1 au 2 kwa wiki. Mkomavu asizidi mara 5. Usimnenepeshe. Dume mzito mno huwaumiza majike wadogo.

Hatua ya 5: Hesabu ya undugu. Dume akianza kazi na miezi 8, ongeza mimba ya siku 114, ongeza miezi 8 ya binti yake kufikia kupandwa. Akifika karibu miezi 20 mabinti wake wako tayari. Kama unabakiza majike wako mwenyewe, mpeleke kundi jingine au umbadilishe, hata kama bado ana nguvu.

Hatua ya 6: Mrithi kabla ya kuuza. Mlete akiwa na miezi 6, mtenge angalau siku 30, apate na muda wa kuzoea.

Dume mkali anayeshambulia watu hangoji mrithi. Aondoke wiki hiyohiyo. Kwa yeyote anayekwenda kuchinjwa, hakikisha siku za kusubiri baada ya dawa zimekwisha, na mwambie mnunuzi wazi kwamba hakuhasiwa, maana nyama yake huweza kuwa na harufu kali.