Kupima dawa za kuzuia kimeng'enya cha presha kwa panya wa maabara

Kimeng'enya hicho, ACE, hugeuza angiotensini I kuwa angiotensini II, kemikali ya mwili inayokaza mishipa na kupandisha presha. Kazi hii ya kupima dawa naifanyia Njoro, juu ya mji wa Nakuru, ambako asubuhi za Julai baridi huuma vidole. Baridi hiyo huharibu vipimo vingi kuliko kosa lolote la dozi.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, viwe mkononi kwanza. Bila hivyo usimguse panya.

Hatua ya 1: Chagua panya
Wanaofaa zaidi ni ukoo wa SHR, uliotokana na kazi ya Okamoto na Aoki huko Kyoto mwaka 1963. Presha yao hupanda yenyewe. Ukiwakosa, chukua panya wa kawaida wa ukoo wa Wistar, uwape L-NAME, kemikali inayopandisha presha, kwenye maji ya kunywa, miligramu 40 kwa kilo kwa siku, wiki 4. Usitegemee panya wenye presha ya kawaida: hata kaptoprili, dawa inayojulikana ya kuzuia kimeng'enya hiki, huwashusha kidogo tu, nawe utaikataa dawa nzuri.

Hatua ya 2: Wazoeze
Usiharakishe hapa, nakusihi. Siku 5 hadi 7, saa ileile, mwingize panya kwenye neli ya kumtuliza kwa dakika 15. Siku ya kwanza atasukuma, atakojoa, na mkia utakuwa mweupe, baridi kama waya. Upashe joto taratibu, nyuzi 32 hadi 34, hadi uone rangi ya waridi na uhisi uvuguvugu ukiushika. Mkia ukiwa baridi mshipa hujikaza na mashine inayopima presha mkiani haioni mapigo. Niliwahi kutupa vipimo vya wiki mbili kwa sababu mlango wa chumba cha pili ulikuwa ukibamizwa kila asubuhi, na panya wangu wote walikuwa na hofu.

Hatua ya 3: Dozi na vipimo
Kundi moja lipate maji matupu, jingine kaptoprili miligramu 30 kwa kilo, mengine dozi 3 za dawa yako. Wanyweshe kwa bomba. Pima kabla, kisha baada ya saa 1, 2, 4, 8 na 24. Soma mara 10 kila kipindi, uache zile alipotikisika. Anayepima asijue nani kanywa nini.

Hatua ya 4: Thibitisha njia
Presha kushuka hakujathibitisha kwamba umezuia kimeng'enya. Mlaze panya kwa nusukaputi, mrija mmoja kwenye ateri ya shingo, mwingine kwenye vena. Mchome angiotensini I, presha itaruka. Mpe dawa, urudie. Mruko ukififia ilhali angiotensini II bado inapandisha vilevile, umekipata kimeng'enya. Zote mbili zikififia, huenda umeziba vipokezi, yaani sehemu ambazo angiotensini II hushikia, au umelegeza mishipa tu.

Jaribu na bradikinini pia, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Kimeng'enya hichohicho huivunja, kwa hiyo kikizuiwa, bradikinini hushusha presha zaidi na kwa muda mrefu. Mtafiti Ferreira aliliona jambo hilo kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, jararaca, na njia hiyo ndiyo iliyofika kwenye kaptoprili.

Panya huyo asiamke tena. Mmalize akiwa bado kwenye nusukaputi, kisha upime uzito wa moyo wake.