Medikali imekataa? Jinsi ya kujenga glaida yako mwenyewe na kurudi angani kihalali Marekani

Kama unarusha ndege Marekani na daktari wa anga (yule anayepima marubani) kakwambia medikali, yaani cheti chako cha afya cha rubani, haitoki tena, iwe ni moyo, sukari au dawa unayotumia, kabla hujauza hedseti yako soma hii kwanza. Mimi yangu iliondoka baada ya kuwekewa stenti na miezi mingi sikutaka hata kuinua macho ndege ikipita juu ya nyumba, kumbe mlango ulikuwa wazi muda wote na hakuna aliyeniambia.

Mlango wenyewe ni huu. Kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kifungu 61.23, zinasema rubani wa glaida (ndege ya mabawa marefu inayoelea angani bila kutegemea injini) hahitaji medikali. Sio daraja la tatu (medikali ya chini kabisa), sio leseni ya gari, hakuna. Mwanafunzi, praiveti (rubani binafsi), komesho (rubani wa kulipwa), mpaka mwalimu anayefundisha kwenye glaida, wote hao hawadaiwi cheti cha daktari. Na hata kama medikali yako ya mwisho ilikataliwa au ilifutwa bado unaruhusiwa, hapo ndo glaida inapoachana na njia nyingine mbili ambazo watu watakutajia. BasicMed iliyoanza 2017 (unapimwa na daktari wa kawaida badala ya daktari wa anga) na ile ya sport pilot (leseni ya ndege nyepesi) ya kutumia leseni ya gari badala ya medikali zote zinakufungia ukiwa ombi lako la mwisho lilikataliwa. Kwa hiyo kama bado hujajaza fomu ya medikali na una wasiwasi na afya yako, usikimbilie kujaza, kaa na daktari wa anga kwanza kama mashauriano tu, mwoneshe vipimo vyako, mwulize angeamua nini. Medikali iliyoisha muda yenyewe na medikali iliyokataliwa ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria, na ukishakataliwa kurudi nyuma ni kazi ndefu.

Sasa sehemu ambayo naomba usiipite haraka. Kutodaiwa medikali haimaanishi una ruhusa ya kuruka ukiwa mgonjwa. Kifungu 61.53 kinasema wazi kwamba hata kwenye ndege isiyohitaji medikali, ukijua una hali inayokufanya ushindwe kurusha kwa usalama basi huruhusiwi kuwa rubani. Yaani daktari wa anga ameondoka na kiti chake umekalia wewe. Nilichofanya mimi, nilienda kwa daktari wangu wa moyo nikamweleza kazi yenyewe ilivyo, sio kumwambia tu nataka kuruka: nitakaa masaa matatu kwenye kibanda cha plastiki chenye jua kali, nitakuwa nageuka mduara muda wote mwili ukiwa mzito, maji nitakunywa kidogo kama sijali, na naweza kufika futi 12,000 ambako hewa ni nyepesi. Akaniuliza maswali ambayo daktari wa anga hakuwahi kuniuliza. Oksijeni sheria inaidai kwa rubani ukikaa juu ya futi 12,500 zaidi ya nusu saa, na juu ya 14,000 muda wote, lakini mwenye moyo uliotengenezwa asisubiri namba hizo, muulize daktari wako uanzie wapi. Dawa ikibadilishwa, mimi siruki mpaka nijue inanifanyaje chini. Na kama ugonjwa wako ni wa kuzimia ghafla bila dalili, nakwambia kwa upendo kabisa, ruka na mwalimu au rubani mwenzako mwenye leseni kwenye glaida ya viti viwili yeye akiwa ndo rubani mkuu, usiwe peke yako.

Pili, pata leseni ya glaida kabla ya kununua hata kipande kimoja cha mbao. Watu wengi wanageuza hii, wanaanza kujenga halafu miaka sita baadaye hawajawahi hata kukaa kwenye glaida. Ukiwa tayari una praiveti ya ndege ya injini na masaa yasiyopungua 40, unachodaiwa ni masaa 3 kwenye glaida, humo ndani kuwe na ruka 10 za peke yako, pamoja na ruka 3 za maandalizi na mwalimu ndani ya miezi miwili kabla ya mtihani. Mtihani wa kuandika hurudii, unafanya wa vitendo tu. Mwalimu pia anatakiwa akusainie aina ya kurushwa utakayotumia, kuvutwa na ndege, winchi (mashine ya ardhini inayovuta kamba), au kujirusha kwa injini, kila moja ina saini yake.

Masaa 3 ni ya sheria, mwili wako utataka zaidi. Sisi tuliotoka kwenye injini tuna miguu mivivu, na glaida ina mabawa marefu, ukigeuza kwa mkono tu pua inakwenda upande usioutaka, lazima usukani wa mkia unaousukuma kwa miguu uende pamoja na fimbo ya mkononi kila mara. Ndo maana kuna kile kipande cha uzi kilichobandikwa kwenye kioo mbele yako, kinachoonesha kama glaida inakwenda kiubavu, angalia uzi huo kuliko kitu kingine chochote. Halafu hakuna kuongeza gesi ukikosea kutua, unatumia breki za hewa kurekebisha na unatua mara moja tu. Fanya mazoezi ya kamba inayokuvuta kukatika ukiwa futi 200 mpaka ukiwa unapanda mdomo wenyewe unatamka "mia mbili" bila kufikiri.

Haya, sasa kujenga. Jiulize unataka ya kuvutwa au ya kujirusha. Ya kuvutwa ni rahisi kujenga na nyepesi, ila unategemea klabu, ndege ya kuvuta na watu wa kukimbia wakishika ncha ya bawa wakati wa kuondoka. Ya injini unaondoka mwenyewe, na kisheria bado ni glaida ilimradi iwe ndani ya vipimo: isizidi kilo 850, viti visizidi viwili, na uzito wa juu kabisa ukigawanya kwa mraba wa urefu wa mabawa jibu lisizidi 3. Mfano ya kilo 570 yenye mabawa ya mita 14, 14 mara 14 ni 196, gawanya inakuja 2.9, imepita. Kilo hizohizo kwenye mabawa ya mita 10 unapata 5.7, hiyo ni ndege ya kawaida na medikali inarudi kudaiwa. Sonex Xenos ni mfano mzuri, alumini tupu, viti viwili.

Kwa mbao kuna Woodstock ya Jim Maupin, iliruka mara ya kwanza 1978, mabawa kama mita 12, ni ndogo na mtu mmoja anaimaliza kwenye gereji. Huyohuyo alikuja na Carbon Dragon ambayo tupu ina kama kilo 66, ipo chini ya mstari wa pauni 155 (kilo 70 hivi) wa Part 103 (kanuni ya FAA ya vyombo vyepesi kabisa), na chini ya mstari huo hudaiwi leseni wala namba ya usajili, ila kiti kimoja, mchana tu, na usipite juu ya makazi ya watu. Kwa wapenda alumini kuna HP-18 ya Richard Schreder, mkia wa V, seti zake ziliuzwa zamani na mpaka leo unakuta zimelala nusu kwenye gereji za watu. Mimi napenda sana hizo za kumalizia, mradi ukinunua uchukue na rekodi zote za aliyeanza, picha, risiti, daftari. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na mtu au watu wa kujifunza na kujifurahisha, kazi ya yule wa kwanza inahesabika, lakini bila ushahidi utathibitishaje?

Pima gereji kabla ya kila kitu. Glaida ya mita 15 kila bawa ni mita 7 na nusu na wewe unatakiwa uzunguke huku na huku, na meza ya kujengea lazima iwe imenyooka kama maji, kwa sababu bawa likijengwa limejipinda litabaki limejipinda na ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Gundi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo inayoshika roho yako. Pima sehemu zote mbili za epoksi kwa mizani, usikadirie kwa macho. Kila ukichanganya, chukua vipande viwili vya mbao ileile, vigundishe kwa gundi ileile, andika tarehe, viache vikauke pamoja na kazi yako, kisha vivunje kwa nyundo. Ikivunjika mbao, gundi ni nzima. Ikiachia kwenye mstari wa gundi, kile ulichogundisha siku hiyo kinatoka, hata kama ni mhimili wa bawa uliokula wiki tatu. Mimi nilivunja mbavu nane za bawa kwa sababu hiyo, gereji ilikuwa na baridi usiku na gundi haikushika vizuri, niliumia moyoni lakini sijutii hata mmoja. Usibane klempu mpaka gundi yote itoke, epoksi inataka ibaki kidogo katikati. Na mwenye kifua au moyo, vaa barakoa ya kweli unapopiga msasa, vumbi la epoksi na faiba ni baya.

Uzito, hasa wa mkia. Kila gramu nyuma unalipia kwa kuongeza vipande vya risasi, yale madini mazito, mbele, kwa hiyo rangi ya mkia iwe nyembamba. Usukani wa mkia, eleroni (visukani vya mabawa) na elevata (kisukani cha kupandisha na kushusha pua) zipimwe uzito wa mbele na nyuma unavyolingana baada ya rangi, sio kabla, zikiwa nzito nyuma zinaweza kuanza kutetemeka kwenye spidi na mtetemo huo unang'oa mkia kwa sekunde chache. Fuata michoro, usiongeze mawazo yako kwenye mhimili.

EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, wana washauri wa ufundi wa kujitolea wanaokuja kuangalia kazi yako bure, waite kabla hujafunika kitu chochote, na Experimental Soaring Association ndo nyumba ya wajenzi wa glaida hasa, utakuta mtu aliyepita palepale ulipokwama. Trela nayo anza kuifikiria mapema, ni mradi mwingine mzima.

Karatasi ni chache: namba ya N (namba ya usajili ya Marekani), fomu 8130-12 unayoapa kwamba kazi kubwa mmefanya wajenzi wenyewe, ripoti ya uzito na mizani, halafu inspekta anakuja. Omba pia cheti cha fundi cha mjenzi, kinatolewa kwa mtu mmoja tu kwa kila ndege na kinakuruhusu kufanya ukaguzi wa kila mwaka mwenyewe.

Kwa glaida muda wa majaribio kawaida ni masaa 10, ndani ya eneo ulilopangiwa, bila abiria. Kabla ya ruka ya kwanza ruka glaida ya klabu wiki hiyohiyo mikono iwe moto. Weka kitovu cha uzito upande wa mbele wa mipaka inayoruhusiwa, kisiwe nyuma. Baada ya kuunganisha mabawa mwambie mtu ashike eleroni, breki, elevata, moja moja kwa mkono wake huku wewe unasukuma fimbo, usiamini macho, kuna marubani wazuri waliokufa kwa kiungo kimoja tu ambacho hakikufungwa. Kamba ya kuvutia iwe na nguvu kati ya asilimia 80 na 200 ya uzito wa glaida, ndo sheria. Chagua asubuhi tulivu, uwanja mrefu, omba uvutwe juu zaidi ya kawaida, futi 4,000 ni nzuri, ukiachia kamba punguza spidi taratibu mpaka mabawa yaanze kuishiwa nguvu ya kuibeba, soma spidi hiyo, fungua breki za hewa uone pua inafanyaje, zifunge, rudia. Kisha njoo utue ukiwa na spidi uliyoipata kule juu, sio ile ya kwenye michoro. Ukishuka usiseme na mtu kwanza, kaa palepale kwenye nyasi uandike namba zote kwenye daftari zikiwa bado mbichi, halafu kunywa maji, angalia mapigo yako, na kama kila kitu kipo sawa pangeni foleni ya kamba tena, bado masaa tisa na nusu.