Kabla ya kushona viraka, piga picha nyeusi na nyeupe

Kwa wanaoshona kwilti (blanketi la viraka vilivyoungwa) ya mtindo wa rangi za maji, ile ya viraka vidogo vya maua vinavyoyeyukiana kama mchoro: ukishapanga, piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe kabla hujagusa cherehani. Rangi hudanganya jicho. Nyekundu inavuta macho hata ikiwa si nzito. Rangi ikiondoka unabaki na mwanga na giza tu, na hivyo ndivyo vinavyoficha mishono. Mimi natundika ukutani blanketi kuukuu lenye manyoya (kwa baridi ya Mbeya halikosekani), nabandika viraka vya sentimita 5 kwa 5, kitambaa cha pamba kinashika chenyewe bila pini, narudi nyuma hatua kadhaa, napiga. Jana kiraka cha gauni la mtumba la soko la Mwanjelwa, zambarau yenye vidoti vyeupe, nilikiona kizuri kabisa katikati ya bluu. Kwenye picha kilitoboka kama dirisha.

Usipige usiku chini ya taa; upande ulio karibu na taa utaonekana mweupe wote. Kitenge cha maua makubwa nacho kinasumbua, kwa sababu kiraka kimoja kinabeba nyeupe na nyeusi: kizungushe upande mweupe uelekee jirani mweupe. Kitenge kipya kifue kwanza, wanga wake unakifanya kiteleze kwenye blanketi. Satini haishiki kabisa. Na picha haikwambii kama rangi zenyewe zinagombana, hilo liangalie kwa macho, mchana.